Nasaba ya Seyyid Said na Kiti cha Unguja

Mji wa Machakos umekaa chini ya vilima vya Iveti, mbali na bahari kwa mwendo ambao misafara ya zamani iliuhesabu kwa majuma. Jina lake limetokana na Masaku, mzee wa Kikamba aliyesifika kwa utabiri, nalo limegeuzwa kidogo tu na ndimi za wageni. Masaku alikuwa mtu mkubwa, walakini hakuwa mfalme, na alipokufa hapakuwa na kiti cha enzi cha kugombewa. Wakamba waliamua mambo yao katika nzama, yaani mabaraza ya wazee, na kila mtu alijijua kwa mbai yake. Basi wewe msomaji uliyezaliwa katika nchi hii, au uliyekuja kusoma katika mojawapo ya shule zake, huenda ukauliza: Habari za wafalme zinanihusu nini? Na nikikuambia kwamba nataka kukusimulia jinsi wana na wajukuu wa mtawala mmoja wa Kiarabu walivyorithiana kiti kule Unguja, pengine utafunga kitabu.

Usikifunge bado. Mwaka 1889 Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilifungua kituo chake Machakos, miaka kumi kabla reli haijafika mahali panapoitwa Nairobi. Watu wale walipanda kutoka Mombasa, na Mombasa waliingia kwa nguvu ya hati iliyotiwa sahihi tarehe 24 Mei 1887, kabla kampuni yenyewe haijapata jina lake hilo. Aliyeitia sahihi hati ile alikuwa Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Na kabla ya hapo, kwa muda wa miaka mingi, pembe za ndovu zilizochukuliwa mabegani na Wakamba hata pwani zilipita mbele ya watoza ushuru wa baba yake. Ukitaka kujua kwa nini mfalme mwenye manowari na mashamba ya karafuu alikubali kuwaachia wageni pwani yake, huna budi kujua kwanza yeye mwenyewe alikipataje kiti. Habari hiyo huanza mbali, katika nchi ya Omani.

Ukoo wa Al Busaidi ulipata ufalme katikati ya karne ya 18. Mtu wa kwanza alikuwa Ahmad bin Said, liwali wa mji wa Sohar, aliyewatoa Waajemi katika nchi, kisha wazee na wanavyuoni wakamchagua awe Imamu. Angalia neno hilo, wakamchagua. Watu wengi wa Omani ni wa madhehebu ya Kiibadhi, na kwa desturi ya Kiibadhi uimamu haurithiwi kama shamba au jambia. Imamu huchaguliwa kwa elimu na uadilifu wake, naye akidhulumu yafaa aondolewe. Lakini Ahmad alikuwa na wana, na wana wa mtu mwenye nguvu mara nyingi huona kwamba uchaguzi wafaa uwaangukie wao. Ahmad akafa mwaka 1783, na mwanawe Said akashika mahali pake. Halafu nguvu zikamwondokea Said zikaenda pwani, Maskati, kwa mwanawe Hamad, na baada ya Hamad kufa zikaenda kwa ndugu yake Said aliyeitwa Sultan. Sultan huyo, ambaye hilo lilikuwa jina lake wala si cheo, aliuawa katika vita baharini mwaka 1804. Wafuasi wake hawakujisumbua tena na uimamu. Watawala wa Maskati na wa Unguja walijiita Seyyid, yaani Bwana, na baadaye Sultani.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo lote nitakalokueleza. Kanuni ya zamani, ile ya kuchagua, ilikuwa imekwisha kuachwa, na kanuni mpya haikuwekwa. Katika nchi ya Uingereza kila mtu alijua kwamba mfalme akifa mwanawe wa kwanza wa kiume hushika kiti, awe mwerevu au mpumbavu. Huko Buganda mambo yalikuwa kinyume, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa kiume wa Kabaka, aliyepewa jina la Kiwewa, alizuiwa na desturi asitawale, na wakuu wa nchi walimteua mmoja katika wadogo zake. Wafalme wa Misri wa ukoo wa Ptolemayo walikuwa na njia yao ya ajabu zaidi, ya kumwoza mfalme dada yake ili kiti kisitoke nyumbani. Kila moja ya njia hizo ina ubaya wake, lakini kila moja ni njia. Ukoo wa Al Busaidi haukuwa na njia. Mwenye ngome, askari, na fedha za kuwalipa askari, huyo ndiye aliyekuwa mfalme, na ndugu zake walimtambua kwa muda ule tu alioweza kuvishika vitu hivyo vitatu.

Seyyid Said bin Sultan alilijua jambo hilo tangu utoto wake. Baba yake alipouawa yeye alikuwa kijana ambaye hajatimiza miaka kumi na mitano, na binamu yao, Bedr bin Seif, akajitwalia mamlaka kwa kisingizio cha kuwalinda yatima. Shangazi yake Said, Bibi Moza bint Ahmad, mwanamke mwenye akili kuliko wanaume wengi wa baraza lile, aliona mambo yanakokwenda akamtia moyo kijana. Mwaka 1806, karibu na Barka, Said akamchoma Bedr kwa jambia, na tangu siku ile hata kufa kwake akatawala miaka hamsini. Simwambii mtu kwamba mwanzo huo ni wa kusifiwa. Nausimulia kwa sababu yeye mwenyewe hakuusahau, na wanawe pia waliusikia.

Mambo aliyoyafanya Seyyid Said yanajulikana sana, nami sitayarudia yote. Aliipenda Unguja kuliko Maskati, akahamisha makao yake huko kufikia mwaka 1840. Akapanda mikarafuu, akakaribisha wafanya biashara wa Kihindi, Kiingereza, Kimarekani na Kifaransa, na mwaka 1837 akawatoa Mazrui katika Mombasa. Kwa hiyo Mwakamba aliyefika Mombasa na pembe zake baada ya mwaka ule aliuza chini ya bendera nyekundu ya Unguja. Krapf alipotaka kufanya kazi ya dini katika nchi ya bara alipewa barua na Seyyid Said mwaka 1844, na miaka mitano baadaye alifika Ukambani kwa Kivui, yule tajiri wa misafara. Usidhani lakini kwamba mali yote ya Seyyid ilitoka katika pembe na karafuu. Watumwa walioshika majembe katika mashamba yale, na wale waliouzwa sokoni, walikuwa nguzo moja ya utajiri huo, na mtu asimuliaye habari za nyumba hii akiwaruka hao amesimulia nusu.

Seyyid Said alikuwa na mke mkuu, Bibi Azza bint Seif, mwanamke wa ukoo wake mwenyewe, mwenye kiburi cha uzazi bora. Naye hakumzalia mtoto aliyeishi. Watoto wote waliobaki, na walikuwa zaidi ya thelathini, walizaliwa na masuria. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ambaye baba amemkubali ni huru, na haki yake katika urithi ni sawasawa na ya mtoto wa mke wa ndoa. Mama yake Thuwaini alikuwa mwanamke wa Georgia, mama yake Majid alikuwa wa Kicherkesi, na mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Basi ndugu hao walikuwa sawa kwa baba na sawa kwa sheria, lakini kila mmoja alikuwa na mama yake, na watumishi wake, na dada waliompenda kuliko wengine. Nyumba ya namna hiyo ina milango mingi.

Baba mwenyewe alijaribu kuufunga mlango mmoja. Mwanawe mkubwa, Hilal, aligombana naye, akaenda hata London mwaka 1845 kutafuta msaada, asiupate kama alivyotaka, kisha akafa Aden mwaka 1851. Mwaka 1844 Seyyid Said alikuwa amemwandikia waziri wa Uingereza, Lord Aberdeen, kwamba baada yake Khalid atatawala nchi za Afrika na Thuwaini atatawala Omani. Hii ndiyo barua ninayoiona kuwa na maana kuliko vita vyote alivyopigana. Mtawala huru, mwenye nguvu, aliwaarifu wageni habari za urithi wa nyumba yake mwenyewe, kana kwamba wao ndio mashahidi watakaoitwa siku ya hukumu. Na waliitwa kweli. Khalid akafa mwaka 1854, kabla ya baba yake, na mahali pake katika Unguja pakashikwa na Majid, kijana mpole aliyesumbuliwa na kifafa.

Seyyid Said alikuwa Omani wakati huo. Mwaka 1856 alipanda merikebu kurudi Unguja, na husimuliwa kwamba aliagiza mbao za jeneza zipakiwe chomboni. Tarehe 19 Oktoba, walipokuwa karibu na visiwa vya Shelisheli, akafariki. Alikuwapo pamoja naye mwanawe Barghash, kijana wa miaka kama ishirini. Badala ya kuutosa mwili baharini kama ilivyo desturi ya wasafiri, Barghash akauhifadhi. Walipoikaribia Unguja, akaingia mjini usiku kabla watu hawajapata habari, akamzika baba yake kwa siri, akajaribu kuwashawishi Wabaluchi waliolinda ngome wamfungulie. Fikiri jambo hilo, msomaji. Mjini watu wamelala, wala hawajui kwamba wamekwisha kuwa bila mfalme, na kijana mmoja, kaburi la baba yake bado lina udongo mbichi, amesimama mlangoni pa ngome akibisha. Kama mlango ungalifunguliwa, huenda historia ya pwani yote ingalikwenda njia nyingine. Haukufunguliwa. Asubuhi mji ukajua, na Majid akatangazwa kuwa mfalme.

Huko Maskati Thuwaini hakuridhika. Alikuwa mkubwa kwa umri, na Omani ilikuwa nchi ya mababa. Je, yafaa aachiwe majabali matupu, na mdogo wake apewe karafuu na ushuru? Majid akakubali kumpelekea reale 40,000 kila mwaka. Kisha yakatokea yale yatokeayo mara nyingi kati ya ndugu wawili na fedha: mmoja akasema ni zawadi, wa pili akasema ni haki. Majid akaacha kulipa, na mwaka 1859 Thuwaini akatweka merikebu zake kuja Unguja kwa vita. Waingereza wa Bombay wakampelekea manowari njiani, wakamrudisha, wakamwambia atoe madai yake kwao.

Mwaka huohuo moto ukawaka ndani ya nyumba. Barghash alikuwa amekusanya watu wa kumwondoa Majid, na katika kundi lake walikuwamo dada zake wawili, Khole na Meje, pamoja na binti mmoja mdogo zaidi, Salme. Nataka ukae kidogo na huyu Salme, kwa maana alikuwa na umri kama wako, miaka kumi na mitano. Mabinti wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Basi walipotafuta mtu wa kuwaandikia barua za uasi, barua za kuwaita masheikh na za kuagiza bunduki na risasi, ni nani mwingine aliyeweza kutunza siri? Elimu aliyoipata kwa shida kuu ikatumika kwanza katika kazi ya kumwondoa kaka yake aliyemlea kwa wema. Mwenyewe alikuja kulijutia jambo hilo, akalieleza bila kujificha katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886.

Askari wa Majid wakaizunguka nyumba ya Barghash ili njaa imtoe. Dada zake wakaja usiku na kundi la wanawake, wakawaomba walinzi waruhusiwe kumwaga ndugu yao. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao, amefunikwa nguo za kike hata macho. Akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles, ambako watu wake walikuwa wakimngoja. Shamba likapigwa mizinga na watu wengi wakafa. Majid peke yake hakuweza kuyamaliza mambo. Mabaharia wa manowari ya Kiingereza walishuka nchi kavu kumsaidia, na mwisho Barghash akajitoa. Wakampeleka Bombay, na mdogo wake Abdulaziz, mtoto wa miaka kama kumi na miwili, akakataa kuachana naye. Khole, Meje na Salme hawakuadhibiwa na Majid. Nadhani huo ulikuwa ushindi wake mkubwa, ingawa haukumletea sifa mjini.

Sasa hukumu. Brigedia Coghlan alitumwa kupeleleza habari zote, na tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, aliyetawala Uhindi kwa niaba ya Uingereza, akakata shauri: Majid atawale Unguja na nchi zake za Afrika, Thuwaini atawale Omani, na Majid amlipe Thuwaini reale 40,000 kila mwaka pamoja na malimbikizo ya miaka miwili. Dola ya Seyyid Said ikagawanyika mara mbili kwa kalamu ya mtu aliyekaa Calcutta. Kwa haki yafaa kusema kwamba hukumu ile ilizuia damu nyingi, na ndugu wote wawili waliikubali. Lakini aliyeigawa ndiye aliyejulikana tangu hapo kuwa mwenye shauri. Thuwaini hakuifaidi muda mrefu. Mwaka 1866 aliuawa Sohar na mwanawe mwenyewe, Salim, naye Salim akaondolewa miaka miwili baadaye. Mwisho Turki, mwana mwingine wa Seyyid Said, alishika Omani mwaka 1871, na masultani wa nchi ile hata leo ni wa uzao wake.

Majid alikufa mwaka 1870. Alikuwa na binti, hakuwa na mwana. Barghash, aliyekwisha kurudishwa kutoka Bombay, akakipata bila vita kile kiti alichokibishia hodi usiku wa mwaka 1856, naye akaketi juu yake miaka kumi na minane. Alikuwa mtawala mwenye bidii. Alileta maji safi mjini kwa mifereji, akajenga jumba la Beit al Ajaib, na mwaka 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Lakini alikuwa na moyo mgumu kwa ndugu zake. Alimtia kifungoni Khalifa, aliyekuwa karibu zaidi na kiti baada yake. Salme alikuwa amekwisha kuondoka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Kijerumani aliyekuja kuwa mume wake. Aliporudi mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani kudai urithi wake, Barghash hakukubali kumwona.

Mwaka huo wa 1885 ndio ulioleta msiba wake. Wajerumani walitangaza himaya yao katika nchi za bara ambazo Barghash alizihesabu kuwa zake, na mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakapima wakamwachia ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini. Aliwatazama Waingereza waliomwokoa kaka yake mwaka 1859, waliomfukuza yeye, kisha wakamwacha atawale. Nao wakamwambia akubali. Mwaka 1887 akaitia sahihi ile hati niliyokutajia, na miaka miwili baadaye watu wa Kampuni walikuwa chini ya vilima vya Iveti. Mimi siwezi kusema kwamba kama wana wa Seyyid Said wangalipatana, wageni wasingalikuja. Wangalikuja. Lakini wangalimkuta mwenye nyumba mmoja mlangoni, naye hana deni lao.

Barghash alikufa mwaka 1888. Khalifa akatoka katika kivuli akatawala hata mwaka 1890, kisha Ali, wa mwisho katika wana wa Seyyid Said kukaa katika kiti cha Unguja. Hesabu basi: Majid, Barghash, Khalifa, Ali, ndugu wanne wa baba mmoja mmoja baada ya mwenziwe, katika muda wa miaka 37. Ali ndiye aliyekubali himaya ya Uingereza mwaka 1890, na katika mapatano yake palikuwa na neno hili, kwamba Sultani ana haki ya kutaja mrithi wake, ila Uingereza imkubali. Lile ambalo Seyyid Said alilitoa kwa hiari katika barua likawa sasa ni sharti.

Ali alipokufa mwaka 1893, kijana mmoja, Khalid bin Barghash, aliingia katika jumba akidai kiti. Akabembelezwa akatoka, na Waingereza wakamweka Hamad bin Thuwaini. Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad akafa ghafula, na Khalid akaingia tena. Safari hii alifunga milango, akakusanya watu na mizinga. Kwa macho yake alikuwa na haki yote, kwa maana baba yake alikuwa Sultani na yeye alikuwa mwanawe mtu mzima, tena watu wengi wa mji walikuwa upande wake. Lakini hakupata kibali. Manowari tano za Kiingereza zikajipanga mbele ya jumba, akapewa muda hata saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Saa ikafika, na dakika mbili baadaye mizinga ikalia. Kwa muda usiotimia saa moja jumba likawa kifusi, merikebu ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, na watu kama 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Watu hupenda kusimulia vita hivi kwa kicheko, kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote duniani. Waliokufa katika ghorofa za mbao za jumba lile hawakuona ufupi wake.

Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam kwa bahari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Waingereza walimkamata huko, wakampeleka mbali visiwani. Mwisho walimruhusu kurudi Afrika ya Mashariki, akafa Mombasa mwaka 1927.

Waliofuata hawakuhitaji ngome. Hamoud bin Mohammed, mjukuu mwingine wa Seyyid Said, alikalishwa katika kiti siku ileile mizinga iliponyamaza, na mwaka uliofuata akatoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Alipokufa mwaka 1902 alifuatwa na mwanawe Ali, na hii ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1856 kiti kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ali alikuwa amesoma Harrow, akaipenda Ulaya kuliko kisiwa chake, akajiuzulu mwaka 1911. Mahali pake pakashikwa na shemeji yake, mume wa dada yake Bibi Matuka, naye ni Khalifa bin Harub bin Thuwaini. Litazame jina la babu. Ni Thuwaini yuleyule aliyenyimwa Unguja mwaka 1861 akapewa reale badala yake. Mjukuu wake alizaliwa Maskati, akaja Unguja akiwa kijana, na akatawala tangu 1911 hata 1960, karibu miaka hamsini, muda ambao katika nyumba hiyo ni Seyyid Said tu aliyeupita.

Yaliyobaki ni mafupi. Abdullah bin Khalifa alitawala chini ya miaka mitatu. Mwanawe Jamshid alishika kiti tarehe 1 Julai 1963. Katika Oktoba mwaka huo serikali ya Unguja na ya Kenya zilipatana juu ya ule ukanda wa maili kumi, ambao Waingereza walikuwa wakiukodi tangu mwaka 1895, na bendera nyekundu iliyokuwa ikipepea Mombasa ikashushwa Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi ya Unguja yaliuondoa ufalme wenyewe, na Jamshid akapanda merikebu asirudi tena. Aliishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 2020 aliruhusiwa kwenda kukaa Omani, nchi ya babu zake, akafa Maskati tarehe 30 Desemba 2024.

Alikuwa huko Maskati wakati Sultani Haitham bin Tariq, wa uzao wa Turki, alipotoa sheria kuu mpya mnamo Januari 2021. Katika sheria hiyo imeandikwa, kwa mara ya kwanza tangu Ahmad bin Said alipochaguliwa Imamu, kwamba kiti cha Omani kitarithiwa na mwana mkubwa wa kiume wa Sultani.